Uzi: Kusomea tabia za wanyama chuo kikuu, na utafiti wa mwaka wa mwisho ukifanyiwa Lamu

#1 BintiLangoni

Assalamu alaykum jamaa. Uzi huu ni wa wanaosoma elimu ya tabia za wanyama na wanaotaka kuisoma. Maswali ni matatu.

Kwanza, shahada yenyewe inatafutwa kwa jina gani? Kwenye orodha ya KUCCPS (wanaowapangia wanafunzi vyuo) haionekani.

Pili, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ana wiki sita hapa Amu (mjini Lamu), simu, darubini ya 8x42 na hela za chai tu. Achukue mnyama gani: punda wa mjini, kaa wa mikokoni, au kasa?

Tatu, msimamizi amelirudisha andiko la utafiti na kuandika pembeni "mbinu haieleweki". Sentensi yenyewe ni hii: "Punda watatazamwa asubuhi na jioni na tabia zao zitaandikwa." Kosa liko wapi?

Ajuaye aeleze kwa hatua. Hadithi za punda wa babu tuziweke barazani.

#2 MaalimuWaVidudu

Wa alaykum salaam binti. Naanza na jina, maana ndilo linalowapoteza wengi.

Shahada ya kwanza hapa Kenya usiisake kwa jina la "tabia za wanyama". Somo hilo limejificha ndani ya zuolojia, biolojia, usimamizi wa wanyamapori, na kwa watu wa bahari ndani ya biolojia ya bahari na uvuvi, kama ile ya Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi. Kwa waliofanya KCSE, alama ya chini ya kuingia shahada ni C+, ila hiyo inakufikisha ukumbini tu. Kila kozi inakupima kwa masomo manne, na kwa kozi hizi biolojia, kemia na hisabati ndizo zinazobeba mzigo.

Kabla hujajaza chaguo, iombe idara orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza hadi wa nne. Usisome kichwa cha kozi, soma matumbo yake. Kama hakuna takwimu za kutosha, fiziolojia, jenetiki, ikolojia, na utafiti wa mwisho unaoandikwa na kutetewa, kozi hiyo itakufundisha majina ya wanyama na makao yao, basi.

Na usichanganye na udaktari wa mifugo. Ule ni miaka mitano, na kazi yake ni kumponya mnyama. Mtu wa tabia huuliza kwa nini mnyama anafanya hiki na si kile, na swali hilo lina milango minne. Niko Tinbergen aliipanga mwaka 1963, na mwaka 1973 akapewa Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch. Chukua mlio wa punda. Mlango wa kwanza: mlio unatokeaje? Punda hutoa sauti akivuta pumzi na akiitoa, ndiyo maana unasikia ile hii-hoo. Wa pili: mwana wa punda anaanzaje kulia hivyo tangu azaliwe? Wa tatu: unamfaa nini leo, kuwaita wenziwe au kutangaza eneo lake? Wa nne: umetoka wapi kinasaba? Asili ya punda ni punda-mwitu wa nchi kavu za Pembe ya Afrika, ambako wanyama hutawanyika mbali wakitafuta malisho, kwa hiyo sauti ya kufika mbali ina maana.

Andiko lako lichague mlango mmoja. Maandiko mengi huanguka kwa kuuliza mlango wa tatu na kukusanya data ya mlango wa kwanza.

#3 Takwimu_Amu

Najibu la tatu, maana hapo ndipo penye ugonjwa.

Sentensi ile haisemi punda yupi, kwa muda gani, anayeanza kutazamwa anachaguliwaje, na kinachoandikwa ni tendo lililotokea au hali aliyokuwa nayo. Ukienda kwenye gati na daftari bila masharti hayo, jicho litafuata kinachofurukuta. Utaandika mateke, kuumana na kulia. Wale wanane waliosinzia kivulini hutawaandika, halafu utahitimisha kwamba punda wa Lamu ni wakorofi.

Karatasi iliyonyoosha jambo hili ni ya Jeanne Altmann, yule wa nyani wa Amboseli, ya mwaka 1974. Mbinu mbili zinakutosha.

Ya kwanza ni mnyama mlengwa. Unamchukua punda mmoja, unamtazama dakika 15 mfululizo, na kila anachofanya unakiandika pamoja na wakati kilipoanza na kilipokwisha. Unayemtazama anatoka kwenye kura iliyopigwa nyumbani usiku uliotangulia. Usimchague ukiwa uwanjani, utamchagua mwenye vituko. Akipotea nyuma ya ukuta andika "haonekani" na uutoe muda huo kwenye hesabu. Akipotea zaidi ya dakika 5 kati ya 15, kitupe kipindi chote na umrudishe kwenye kura.

Ya pili ni mpigo wa jicho. Kila dakika 10 unalipitia kundi zima, kushoto kwenda kulia, bila kurudi nyuma, na unaandika kila mmoja anafanya nini jicho linapomfikia. Mpigo usizidi dakika moja. Kundi likipita punda 15 utachelewa, na wa mwisho atakuwa ameandikwa kwa wakati mwingine kabisa.

Mpigo ni mzuri kwa hali ndefu: kula, kusimama, kulala, kutembea. Kwa matendo ya kufumba na kufumbua, kama teke au kung'ata, haufai kitu, kwa sababu teke la nusu sekunde litaangukia katikati ya mipigo karibu kila mara. Hayo yaachie mbinu ya mnyama mlengwa.

Kuna watu watakushauri "andika 1 kama ametenda ndani ya dakika, 0 kama hakutenda". Ikwepe. Punda aliyekula sekunde 5 na aliyekula sekunde 55 wote wanapata 1, na mtu hawezi tena kujua nani alikula zaidi.

#4 KivuliChaMkungu

Takwimu, dakika 10 ni nyingi. Fanya mpigo kila dakika moja, data itakuwa tele.

#5 Takwimu_Amu

Itakuwa tele kwa macho tu, ndugu yangu. Punda akisimama kivulini anaweza kukaa hivyo nusu saa. Ukimwandika kila dakika umeandika tukio moja mara thelathini.

Lakini tusibishane kwa kubuni, jambo hili hupimwa. Mchukue video punda mmoja kwa saa tatu, uandike kila kitu mfululizo. Kisha kwenye data ileile chomoa nukta za kila dakika 1, 2, 5 na 10, na ulinganishe asilimia ya kula na kusimama unayopata na ile ya kweli. Nafasi ndefu kabisa ambayo bado inakaribia ukweli ndiyo utakayoitumia. Rudia kwa punda wawili watatu. Hiyo ni kazi ya siku mbili, na unaiweka kwenye sura ya mbinu. Msimamizi hatakuwa na la kuandika pembeni.

#6 MikokoniKwetu

Nyote mmerukia punda kana kwamba Lamu haina bahari. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii, na chini yake kuna kaa dume wenye gando moja kubwa wanaopunga mchana kutwa, bila malipo. Kwa mtu wa wiki sita, kaa ni bora: wako mamia, hawana mwenyewe wa kuombwa ruhusa, na mita moja ya tope inakupa wanyama ambao punda watakuchukua mwezi kuwapata.

Namna ya kufanya: weka miraba ya mita 1 kwa 1 kwa vijiti vinne vifupi na uzi uliolala chini. Kaa umbali wa mita 2 au 3, kivuli chako kikiangukia upande mwingine. Ukifika tu, wote watazama mashimoni. Keti usicheze kwa dakika 15, ndipo uanze kuhesabu. Wanafunzi huanza baada ya dakika tano kwa sababu wanawaona wachache wametoka. Hao waliotoka mapema ni wale majasiri, na sampuli yako imeshapinda kabla hujaandika neno.

Mchukue dume mmoja, hesabu mapunga yake kwa dakika moja, mara tatu, na kwa kila mara andika kama kuna jike ndani ya sentimita 30 au hapana. Pima joto la tope. Kumchimba ili umpime kunaharibu shimo, na dume asiye na shimo hana biashara. Weka rula kando ya shimo mapema, mpige picha akiwa karibu nayo, upimie kwenye picha.

Na kuna mtego mtamu. Dume aliyepoteza gando huotesha jingine, lakini la pili huwa jepesi na halina nguvu ya kubana kama la asili. Hata hivyo hulipunga vilevile. Kwa mbali huwezi kuwatofautisha ila uangalie meno ya ndani ya gando kwa darubini: la kuota upya halina meno makubwa. Usipowatenganisha, unachanganya wakweli na waongo kwenye safu moja.

#7 KusiNaKaskazi

Mikokoni umesema kweli ila umeruka la maji, na ndilo linalowaua wengi.

Kaa haendi kwa saa ya mkononi, anakwenda kwa kupwa na kujaa. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukijiwekea kutazama saa nne asubuhi kila siku, siku ya kwanza uko kwenye kupwa, baada ya wiki moja umesimama kwenye maji ya magotini, na grafu yako itaonyesha kwamba kaa "wanapunguza kupunga kadiri siku zinavyokwenda". Si kaa, ni mwezi. Panga vipindi kwa saa kabla na baada ya maji kupwa kabisa.

Pili, bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) si siku sawa kwa kaa. Wengi wa jamii hii hupangilia kuzaana kwao na bamvua. Wiki sita zinakupa bamvua kama tatu tu, kwa hiyo gawanya vipindi sawasawa kati ya bamvua na maji mafu. Usijaze vyote kwenye wiki ambayo mashua ilikuwa rahisi kupatikana.

Tatu, dogo lakini limeharibu data za watu. Jedwali la maji linaandika saa kwa mtindo wa 24. Daftari lako likiandika "saa 4", kesho msaidizi ataingiza 04:00 kwenye kompyuta na kaa watakuwa wamepunga alfajiri gizani. Kwenye fomu andika 10:00, hata kama mdomo unasema saa nne.

#8 NgambaWaKiunga

Kuhusu kasa: kwa wiki sita, hapana. Kiota hukaa takriban miezi miwili ndipo vitoto vitoke, na hukichagui siku. Kasa wanalindwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Huwezi kuwashika, kufukua kiota wala kuwaweka kwenye beseni kwa jaribio bila kibali, na kibali hicho hakitoki kwa barua ya mwalimu.

Kuna kazi moja tu ya kasa inayofaa mwanafunzi, nayo haigusi mnyama. Vitoto hutoka usiku mchanga ukishapoa na kutambaa kuelekea upeo wa macho ulio mwangavu na ulio chini, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa za hoteli na nyumba za ufuoni huwapotosha. Asubuhi kabla ya jua kukausha nyayo, nenda na wahifadhi wanaosimamia kiota. Kwa dira pima pembe ya njia ya kushoto kabisa na ya kulia kabisa, kisha pembe ya kwenda baharini moja kwa moja. Upana wa feni hiyo unakuambia wamechanganyikiwa kiasi gani, na mwelekeo wake unakuambia wamevutwa upande upi. Hesabu pia taa zinazoonekana ukilala kifudifudi kichwa kikiwa usawa wa kiota. Ukisimama unaona taa ambazo kitoto hakizioni.

Pembe hazijumlishwi kama shilingi. Wastani wa nyuzi 350 na nyuzi 10 si 180, ni 0. Tumia takwimu za duara, ziko kwenye R, programu ya kompyuta ya takwimu.

#9 BintiLangoni

Ahsanteni. Maalimu, Mikokoni, nimewasikia. Ila idara inataka kazi inayogusa ustawi wa mifugo, kwa hiyo ni punda. Naomba mtu anipangie mpango mmoja kamili, na namba.

#10 MaalimuWaVidudu

Vema. Kwanza swali. "Tabia za punda wa Lamu" si swali, ni kichwa cha kitabu. Jaribu hili: je, punda aliyebeba mzigo asubuhi hutumia muda mwingi zaidi jioni akiwa amesinzia, na muda mchache zaidi akila, kuliko siku ambayo hakubeba?

Uzuri wake ni kwamba kila punda analinganishwa na nafsi yake. Umri, dume au jike, ubishi wake, vyote vinabaki palepale, kinachobadilika ni kazi. Akiwa na sogi mgongoni usimtazame kabisa, maana hapo anayeamua ni mwenye fimbo. Mtazame akishafunguliwa, tuseme 16:00 hadi 18:00. Mzigo uliopita muulize mwenyewe siku ileile: ni mchanga, saruji au mawe, mifuko mingapi, safari ngapi, aliachiwa saa ngapi. Usiulize "amefanya kazi sana?" Kila mtu atasema sana.

Punda 12. Kila mmoja vipindi 4 vya dakika 15 siku za kazi na 4 siku za kupumzika. Jumla vipindi 96, dakika 1,440, yaani saa 24 za kutazama. Kwa saa mbili kila jioni unapata vipindi 5 au 6 ukihesabu muda wa kumtafuta punda kwenye vichochoro. Kwa hiyo ni jioni kama 20, na mvua ikikuibia wiki nzima bado umo ndani ya wiki sita.

Wiki ya kwanza usikusanye data. Tengeneza kadi za utambulisho: picha ya kushoto, ya kulia na ya uso. Angalia urefu wa mstari mweusi wa begani, milia ya miguuni, masikio yaliyochanika, makovu ya kamba. Changanya kadi, mtu akupime. Ukikosea zaidi ya moja kati ya 20, hujawajua. Punda wa kijivu wanafanana kuliko unavyodhani, hasa jua likizama.

Wiki hiyohiyo andika ethogramu, yaani orodha ya tabia na maana zake. Kila tabia ifafanuliwe kwa kinachoonekana, isiingiliane na nyingine, na zote kwa pamoja zisiache pengo. "Amekasirika" si tabia. "Masikio yamelala nyuma, kichwa kimeshushwa kuelekea mwenziwe" ni tabia.

#11 KivuliChaMkungu

Na vifaa? Simu juani inazima.

#12 KusiNaKaskazi

Simu kwa jua la Amu haifai kuwa daftari kuu. Kioo hakionekani na joto likipanda inajizima katikati ya kipindi. Tumia karatasi ya fomu kwenye ubao mgumu, penseli (kalamu ya wino hukataa jasho na manyunyu), na saa ya kulia kila dakika. Simu iwe ya video na ya kuingiza data usiku. Ukirekodi video, programu ya BORIS ni ya bure na inakuwezesha kubonyeza herufi moja kwa kila tabia, muda unajiandika wenyewe. Kila usiku piga picha fomu zote na uzihifadhi mahali pawili. Karatasi moja ya jioni moja ikianguka majini, umepoteza vipindi sita.

#13 MlinziWaMagofu

Natoka kidogo upande wa Malindi, kwa wanaosoma uzi huu na hawako Lamu. Magofu ya Gede yana kima, tumbili na yule sange mwenye makalio ya dhahabu ambaye Galen Rathbun alimchunguza hapohapo miaka ya 1970. Kima wanaolishwa ndizi na wageni usiwaite data ya "tabia za asili". Andika kila kipindi idadi ya watu waliokuwa ndani ya mita 10 na kama kuna chakula mkononi, la sivyo unachopima ni idadi ya basi za watalii.

Wanaotaka majaribio ya sauti wamsome tumbili wa Amboseli. Seyfarth, Cheney na Marler walionyesha mwaka 1980 kwamba mlio wa chui, wa tai na wa nyoka kila mmoja unaleta mwitikio wake: wa chui wanakimbilia mtini, wa tai wanatazama juu, wa nyoka wanasimama na kukagua nyasi. Ukijaribu kitu kama hicho, rekodi kwa WAV, 48 kHz, si MP3, na maikrofoni iwe na koti la manyoya, maana upepo wa Kusi utakula nusu ya sauti za chini. Halafu kosa kubwa: kucheza rekodi moja ya mlio mmoja kwa wanyama thelathini. Hapo umejaribu sauti *hiyo*, hukujaribu mlio wa aina hiyo. Tafuta rekodi tofauti kwa kila jaribio.

Gede iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kwa hiyo barua zinaanzia huko.

#14 BintiLangoni

Na za punda zinaanzia wapi?

#15 NgambaWaKiunga

Kamati ya maadili ya chuo chako kwanza, kisha NACOSTI, ambao ndio wanaotoa leseni za utafiti nchini. Punda ni mifugo, kwa hiyo suala la kibali cha wanyamapori halipo, lakini kila mwenye punda asaini au aweke dole gumba kwenye fomu iliyoandikwa kwa Kiswahili, na aelewe anaweza kujitoa. Anza miezi mitatu kabla. Anayeanza wiki mbili kabla hutumia wiki zake za uwanjani akisubiri barua pepe.

#16 Takwimu_Amu

Kabla hamjamaliza, la hesabu.

Vipindi 96 si sampuli 96. Ni punda 12. Ukiviingiza 96 kwenye jaribio la kawaida, kompyuta itadhani una punda 96 na itakupa tofauti "ya uhakika" ambayo haipo. Njia rahisi: tafuta wastani wa kila punda siku za kazi, wastani wake siku za mapumziko, ulinganishe jozi 12. Njia kamili: modeli mseto ndani ya R, utambulisho wa punda ukiwa athari ya kubahatika, yaani modeli inajua kwamba vipindi vingi ni vya punda yuleyule. Kama punda watano ni wa mwenye mmoja na wanalala ua mmoja, mwenye naye aingie kwenye modeli, au bora uchukue punda mmoja kwa kila mwenye.

Jingine: uaminifu wa mtazamaji. Watu wawili wamtazame punda mmoja kwa pamoja bila kuongea, nukta 100. Tuseme wa kwanza ameandika "amesimama" 70 na "anakula" 30, wa pili 75 na 25, na wamekubaliana nukta 85. Asilimia 85 inapendeza. Lakini hata kwa kubahatisha wangekubaliana (0.70 × 0.75) + (0.30 × 0.25) = 0.60. Kapa ya Cohen, yaani makubaliano yakishatolewa ya kubahatisha, ni (0.85 − 0.60) ÷ (1 − 0.60) = 0.625. Kwa tabia rahisi kama hizi hiyo ni ndogo, ilenge 0.8. Ikishindikana, tatizo haliko kwenye macho, liko kwenye fasili. Kaeni, tafuteni zile nukta 15 mlizotofautiana, mwandike upya. Rudieni kipimo katikati ya kazi pia, maana fasili huteleza kichwani bila mtu kujua.

#17 MtuWaMambrui

Yote mazuri. Ajira iko wapi? Kijana atasoma miaka minne kuhesabu masikio ya punda?

#18 MaalimuWaVidudu

Swali la haki, kaka. Shahada ya kwanza peke yake inakupeleka kwenye usaidizi wa utafiti, uhifadhi, ualimu, mashirika ya ustawi wa mifugo. Wanaotaka utafiti wenyewe huendelea na uzamili. Edinburgh wana uzamili wa tabia tumizi na ustawi wa wanyama. Ujerumani kuna Taasisi ya Max Planck ya Tabia za Wanyama, maeneo ya Konstanz na Radolfzell. Jimbo hilo la Baden-Württemberg hutoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, tofauti na majimbo mengi ya huko, kwa hiyo omba mapema ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo.

Na hesabu ya masikio ina faida yake. Tembo huogopa nyuki. Lucy King na wenziwe walipima hilo kwa kucheza sauti za nyuki kwa tembo na kuandika nani alikimbia na kwa sekunde ngapi. Leo uzio wa mizinga, mzinga au ubao wa kuiga mzinga kila mita 10 ukiunganishwa kwa waya, umelinda mashamba ya Sagalla, karibu na Voi. Ulianza kwa fomu ya kuandika tabia kama hii ya binti.

#19 BintiLangoni

Nimeandika ethogramu. Naweka hapa sehemu ya kupumzika, ipigeni msasa:

*Kusimama macho:* miguu minne chini, hatembei, masikio yanasogea au yameelekea kitu.
*Kupumzika:* amesimama, hatembei, mguu mmoja umelegezwa.
*Kulala:* tumbo au ubavu uko chini.

#20 Takwimu_Amu

"Kupumzika" ni nia, si tabia. Na punda aliyesimama kwa miguu minne, masikio yameanguka pembeni, utamweka wapi? Una pengo. Iite *kusinzia*: hatembei, masikio yamelegea pembeni na hayasogei kwa sekunde 5 au zaidi, kichwa usawa wa mgongo au chini yake. Mguu uandike safu yake peke yake.

Kulala kugawe mara mbili: kifudifudi kichwa juu, na ubavu au kidevu chini. Punda husinzia wima, lakini usingizi mzito wa ndoto hauji mpaka alale chini. Ukichanganya hayo mawili, swali lako la uchovu limekosa jibu.

#21 MaalimuWaVidudu

Naongeza kwenye safu hiyo ya mguu: andika ni *mguu upi*. Kulegeza wa nyuma, kwato ikigusa kwa ncha, ni kawaida, na hubadilisha zamu kushoto na kulia. Kutanguliza mguu wa mbele na kuuondolea uzito si kupumzika, ni maumivu. Punda huficha maumivu kuliko farasi. Anaendelea kula huku kwato ina jipu, na fomu yako itasema "anakula, hali njema". Ukiona wa mbele umetangulizwa vipindi viwili mfululizo, mwambie mwenyewe jioni hiyohiyo ampeleke hospitali ya punda ya Donkey Sanctuary, iko hapa mjini tangu 1987. Data za siku hiyo ziwekee alama, usizichanganye na za wengine.

#22 BintiLangoni

Na kama ni punda wa kumi na mbili, nabaki na kumi na moja?

#23 MaalimuWaVidudu

Ndiyo sababu unaanza na kumi na wanne.